Tafsiri ya Hapana

Aya ile niliihifadhi kwa viboko sita.
Maalim Fadimula, fimbo ya mpera mkononi,
mimi miaka minane, magoti kwenye mkeka,
na kila nilipokwama ikanishukia begani:
Soma! Katika dini hapana kushurutishana. Soma!
Nikasoma. Nikalia. Nikasoma.
Ilinichukua miaka arobaini kucheka.

Sasa natafsiri. Nimefika juzuu ya tatu,
katika daftari la mistari, barazani kwangu,
hapa Bombo, nyuma ya kambi ya jeshi.
Wanawake wa Kinubi wanasuka kawa pembeni,
ukindu mwekundu, ukindu wa manjano,
wananiuliza: Umefika wapi?
Pale pale. Wiki ya tatu hii.

Maana Kiswahili, katika nchi hii, kilivaa buti.
Sisi tulikuwa nacho jikoni,
lakini majirani walikijua kwa amri tupu:
Simama. Lala chini. Toa kitambulisho.
Muulize yeyote wa rika langu
alikisikia wapi mara ya kwanza,
atakuonyesha kizuizi barabarani,
magunia ya mchanga, mtutu.
Nitaichukuaje lugha iliyowalaza watu kifudifudi
niiambie itamke kwamba moyo haulazwi?

Niliandika "kulazimisha", nikafuta.
Ndani yake mna lazima, neno la mtoza kodi.
"Kushurutisha" lanuka wino wa mkataba.
"Nguvu", lakini nguvu anayo pia mtoto anyonyaye.
Na ile hapana yenyewe, herufi mbili tu kwa Kiarabu,
ni hapana ipi?
Ile ya "koma, usifanye"?
Au ile ya "hapana maji mtungini",
uupindue, uutikise, hapana?

Alhamisi alasiri akaja Marjani, fundi baiskeli,
amemshika mwanawe Khemisi juu ya kiwiko
kama ashikavyo mtu kuku aliyemlipia.
"Hasali tangu mfungo. Eti hajui kama anaamini.
Maalima, mwekee Msahafu kichwani, aape."

Kijana wa miaka ishirini, oili kwenye kucha.
Nilitafuta kiburi usoni mwake, sikukiona.
Niliona usingizi.

Nikasema: Marjani, kaa.
Niambie, wewe uliamini siku gani?
Akafungua mdomo, akaufunga.
Msukaji mmoja akakohoa.
"Baba alinichapa," akasema, "nikasali."
Hiyo ni siku uliyoinama, nikamwambia.
Mimi nimeuliza nyingine.

Lori la mchanga likapita, likatupa vumbi sote,
na hapo nikaiona rula mkononi mwangu,
ile ya watoto wa asubuhi, wasiojua alifu.
Sijui niliishika lini.
Nikaiweka chini taratibu, kama mwizi arudishaye kitu
wenyewe wakiwa macho.

Marjani akauachia mkono.
Alama za vidole vinne zikabaki kwenye ngozi,
hazikuwa na haraka ya kuondoka.
Khemisi hakuaga vizuri. Alishuka ngazi,
akainama, akapapasa chini ya benchi
kutafuta kandambili zake.
Alizivua, kumbe.
Baba yake ameketi mkekani pangu na viatu,
na yeye asiyejua kama anaamini
alivua mlangoni, mkono mmoja umekamatwa,
wala hakuna aliyemwambia.

Je, atarudi? Usiniulize. Sikumuuliza.

Usiku umeme ulikatika, nikaandika kwa tochi ya simu:
Hapana. Ile ya mtungini.
Si kwamba imekatazwa tu. Haimo.
Utapata goti, utapata ulimi, utapata jina kwenye daftari,
lakini imani ukiifuata na fimbo
unakuta nyumba imehamwa, moshi bado wa moto.

Watakuja wajukuu wa Fadimula, waseme nimepotosha.
Waje. Chai ipo, na mimi naweza kukosea;
ndiyo maana natumia penseli.

Rula nimepigia mstari chini ya hapana.
Neno linalofuata bado sijalipata.
Nimeliachia nafasi kwenye ukurasa,
upana wa vidole vinne.